Aliniita Mchawi kwa Sababu ya Mazoezi, Sasa Jina Lake Limo Mikononi Mwangu

Admin, nakuomba ulifiche jina langu, maana huku kwetu Nyamira watu wanajuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mama wa miaka arobaini na miwili, nina watoto watatu, na ni karani katika kituo cha kupimia majani chai upande wa Ikonge. Tangu kidato cha pili naandika shajara kila siku, kwa hiyo haya ninayosimulia sikuyaokota njiani.

Mwaka jana muuguzi alinipima presha, akapima tena. "Mama, kazi yako ni ya kukaa?" Nikamwambia nakaa kwenye mizani tangu mchana hadi lori lije. Akasema nipunguze chumvi, niache chai ya vijiko vinne vya sukari, na nitembee kwa haraka nusu saa kila siku, la sivyo nitaishi kwa vidonge. Nusu saa gani? Asubuhi nachuma majani yangu, jioni napika. Saa pekee iliyobaki ilikuwa kumi na moja alfajiri. Nikanunua raba na kamba ya kuruka.

Sikutaka kwenda peke yangu. Nilimwomba mke wa ndugu wa mume wangu tuandamane. Nitamwita Kwamboka, nami niiteni Mama Faith. Boma letu ni moja. Alikuja siku mbili. Siku ya tatu nilipogonga dirisha lake alijibu akiwa ndani ya blanketi, "Mama Faith, wewe nenda. Kifo kikinitafuta, kinikute nimelala vizuri." Tulicheka. Nimeandika hivyo kwenye shajara, kwamba tulicheka.

Presha yangu ilianza kushuka, hata magoti yakaacha kulia. Kisha ng'ombe wa jirani akafa ghafla. Ninyi wa mbali huenda hamjui: kwetu mtu anayesikika akikimbia gizani haitwi mwanamichezo, anaitwa omorogi, yaani mchawi. Jioni hiyo wanawake walikuwa kwenye foleni ya majani wakiulizana ni nani huyo anayepita mbio kabla ya jogoo kuwika. Kwamboka, yule yule niliyemgongea dirisha, alitua kikapu chake akasema, "Mimi sisemi kitu. Muulizeni Mama Faith ile kamba huwa anaipeleka wapi."

Nilikuwa nyuma ya mizani, kalamu mkononi. Niliyasikia kwa masikio yangu.

Wiki hiyo hiyo wanawake wawili walikataa niguse vikapu vyao. Binti yangu alirudi kutoka shuleni akilia. Jumapili vijana walirushia paa letu mawe, mume wangu akatoka na mikono juu akiwasihi, mimi nikiwa nimewalalia watoto sakafuni. Mzee wa kanisa akaniita. "Mama, kwani huwezi kukimbia mchana kama Wakristo wengine?" Nikamweleza habari ya presha, nikamwomba amwite Kwamboka athibitishe. Kwamboka akaja, akatazama miguu yake. "Mimi huwa nimelala saa hizo. Sijui mambo ya watu."

Niliacha kutembea kwa miezi minne. Presha ikapanda kupita ilipoanzia, na sasa nameza kidonge kila siku. Kila ninapokimeza nataja jina lake.

Siku hizi natembea mchana kweupe kabla ya kituo kufunguliwa, kwenye njia ya katikati ya mashamba, kila mtu akiniona. Kwenye mizani napima nikiwa nimesimama. Watu wamezoea, wengine wananiita Askari. Wao wamesahau. Mimi sijasahau.

Sasa sikilizeni. Mama yangu mzazi alikufa kwa ugonjwa wa sukari. Tulijua mguu ukiwa umeshaoza. Kwa hiyo naujua unavyoanza, na tangu mwezi uliopita ninamwandika Kwamboka. Jumanne: amemaliza chupa mbili za maji kwenye foleni. Alhamisi: ametoka kwenda choo mara tatu, kikapu kimeshikwa na wenzake. Sabato: ndara imemvuka mguuni uani pa kanisa, akaendelea kutembea bila kuhisi, hadi mtoto alipomwita. Jumatatu: kidonda cha kidole bado hakijapona, ni wiki ya tatu. Naye anajisifu kwa kukonda! "Wengine wanahangaika na kamba," alisema juzi, soda mkononi, wanawake wakicheka, "mimi Mungu ananipunguza nikiwa nimekaa."

Nilicheka nao. Moyoni nilisema, endelea kunywa.

Jumapili hii muuguzi anakuja kwenye kikundi chetu cha wanawake kupima presha na sukari. Vifaa ni vichache, atapima walioandikwa tu. Katibu ni mimi. Jana Kwamboka alisimama mlangoni pangu.

"Mama Faith, umeniandika? Si eti naumwa. Nataka tu muuguzi aone mtu mwenye afya alivyo."

"Orodha imejaa," nikamwambia.

"Haya, waachie wagonjwa," akasema, akaenda zake akichechemea. Hajui kwamba anachechemea.

Orodha haijajaa. Zimebaki nafasi tatu.

Sitaki afe. Nataka aogope kama nilivyoogopa nikiwa sakafuni na watoto. Nataka aje mbele ya wanawake wale wale, kwenye foleni ile ile, aseme, "Nilijua ni mazoezi." Akisema hivyo nitamwandika kwa mkono wangu. Lakini hatasema, kwa sababu hajui ninachokijua, na mguu haungoji mtu aombe msamaha. Wa mama yangu haukungoja.

Msiniambie habari ya kusamehe saba mara sabini, hiyo naimba kila Sabato. Orodha inachukuliwa kesho asubuhi, na kalamu ninayo hapa. Wewe uliyewahi kurushiwa mawe nyumbani kwako kwa neno la mtu aliyejua ukweli, niambie: ungeliandika jina lake?