Mkalimani Anayemenya Misemo ya Madaktari

Asubuhi, sakafu ya wodi ya upasuaji haijakauka na harufu ya dawa ya kudekia bado inawasha pua. Mwanamke mfupi, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, amesimama katikati ya vitanda viwili. Hana sindano wala faili. Mikono ameikunja nyuma kama mtu anayekagua shamba lake.

Kulia kwake yuko daktari bingwa wa upasuaji, mama mgeni kutoka ng'ambo, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Kushoto, kitandani, amelala fundi mwashi. Mguu wake wa kushoto umefungwa bandeji, na harufu ya kidonda inapenya bandeji hiyo. Ni kidonda cha kisukari.

Mke wa fundi ameketi pembeni, mfuko wa nguo mapajani. Mfuko umeshafungwa. Tangu jana fundi ametangaza kwamba leo anarudi nyumbani na miguu yake yote miwili, mtu apende asipende.

Daktari anasema sentensi ndefu kwa Kiingereza na kuimalizia kwa tabasamu. Watu wote wanamgeukia mwanamke mfupi, wakingoja. Yeye hafasiri.

Badala yake anamwuliza daktari kwa Kiingereza, kwa sauti ya upole: "Daktari, unaposema tutamrudisha kwenye miguu yake, ni miguu mingapi?"

Tabasamu linamtoka daktari. Anamtazama mkalimani, anautazama mguu, kisha anavuta kiti.

Huyu ndiye mkalimani wa hospitali hii. Hapa hakuna anayemwita kwa jina lake. Wauguzi, wagonjwa, mpaka wazee waliomzidi umri, wote wanamwita Shangazi.

Kwa Kiingereza, kumrudisha mtu kwenye miguu yake ni kumponya mpaka ajitegemee. Ni msemo mzuri wa kumtia mtu moyo. Ukimwambia aliyelazwa kwa malaria, umemfariji. Ukimwambia mtu unayetaka kumkata mguu, umemdanganya bila kukusudia.

"Ningeutoa ulivyo, fundi angesaini fomu ya upasuaji pale pale," Shangazi ananiambia baadaye, kikombe cha chai mkononi. "Angesaini huku anacheka. Kesho yake angezinduka, afunue shuka. Sasa hapo mimi ungenikuta wapi? Ningehama mji."

Shangazi aliacha shule baada ya darasa la saba, baba yake alipofariki. Akaenda kufua na kupiga pasi kwenye nyumba ya familia ya kigeni, na huko akakaa miaka tisa. Kiingereza cha vyombo na nguo alikipata upesi. Kilichomsumbua ni kwamba wenye nyumba walikuwa wanasema hili wakimaanisha lile.

Siku moja mama mwenye nyumba alikuwa anamwandalia mumewe sherehe ya siri. Akamvuta Shangazi jikoni, akamnong'oneza asije akamwaga maharage. Shangazi akaitikia vizuri tu. Akaenda kwenye jiko, akafunika sufuria, akaweka na jiwe juu ya mfuniko. Jioni mume aliporudi akamwuliza mbona nyumba imepambwa. Shangazi akamweleza kila kitu.

"Alinikasirikia yule mama, we acha tu," anasema. "Ila nilipoelezwa kwamba maana yake ni kutoboa siri, nilicheka mpaka nikakaa chini. Sisi si tunasema usimwage mtama penye kuku wengi? Basi wenzetu wanamwaga maharage. Nikajua hawa ni watu kama sisi, tofauti ni kinachomwagika."

Kuanzia hapo kila msemo aliousikia aliufuata mpaka kwao. Katika nyumba ile alikuwapo bibi mzee, mama wa mwenye nyumba, aliyekuwa anapenda sana kuzungumza na hana wa kumsikiliza. Shangazi akawa anapiga pasi huku anauliza. Kwa nini mtu akitakiwa asubiri anaambiwa ashike farasi wake? Kwa nini mtu msiri anasemwa kwamba karata zake ameziweka karibu na kifua?

"Yule bibi ndiye chuo changu," anasema. "Nikaja kugundua Kiingereza kimekulia melini, kwenye farasi na kwenye meza za karata. Ukijua mtu amekulia wapi, hata akikutania unaelewa."

Familia ile iliporudi kwao, Shangazi alipata kazi ya kufua shuka hapa hospitalini. Siku madaktari wageni walipokuja na mkalimani wao akashindwa kufika, muuguzi mkuu alimfuata chumba cha kufulia akamkuta mikono imejaa povu. Hakurudishiwa beseni lake siku ile.

Mpaka leo hana ajira ya ukalimani. Analipwa posho ya siku wageni wanapokuwapo. Wakiondoka, anavaa aproni na kurudi kwenye mashuka.

Namwuliza siri ya kazi yake. Ananijibu kwa mfano wa chungwa.

"Msemo una ganda," anasema. "Wa daktari naumenya kwanza. Nataka nijue ndani mna nini. Nikishaona nyama yake, kama ni jambo jepesi, naangalia kama sisi tuna ganda letu la kulivika. Wao wakimficha mtu ukweli wanazunguka kichaka, sisi tunazunguka mbuyu. Wao wanapaka sukari, sisi tunapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hapo hakuna shida. Ila habari ya kukata, ya kufa, ya mtoto, hiyo siivishi kitu. Inakwenda uchi."

Na maneno ya mgonjwa?

"Ya mgonjwa siyamenyi hata siku moja. Yanakwenda na ganda lake, na jani lake, na tawi lake. Mtu amelala pale, nguo wamemvua, viatu wamemvua, kilichobaki chake ni maneno. Na hayo nimpunguzie?"

Si wote waliompenda kwa utaratibu huo. Muuguzi mkuu, mwanamke asiye na maneno mengi, anakiri kwamba mwanzoni walikuwa wanagombana. "Foleni imefika mlangoni, yeye anamwuliza daktari maana ya hili na lile. Nilikuwa namwambia, Shangazi, fasiri twende! Ananijibu, twende wapi, mama, na huyu bado hajajua tunakompeleka?"

Asubuhi ile kitandani kwa fundi, utaratibu huo ulipimwa.

Baada ya kuulizwa miguu mingapi, daktari alikaa, akasema kwa maneno makavu: mguu wa kushoto umeoza, lazima ukatwe chini ya goti. Ukiachwa, sumu itapanda na kumwua. Shangazi akayapeleka hivyo hivyo, bila kushusha macho.

Mke wa fundi akajifunika uso kwa khanga. Fundi akatazama dari.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, kaka," mgonjwa wa kitanda cha jirani akajitia kushauri.

"Nyamaza wewe!" fundi akafoka. "Tangu nilazwe hapa kila anayepita ananiambia habari ya ufa. Kuta si ninajenga mimi? Umewahi kushika mwiko?"

Jirani akajigeuzia upande wa pili.

Kisha fundi akamgeukia Shangazi. "Shangazi, mwambie hivi. Mimi nimejenga tangu sijaota ndevu. Mwenye nyumba akiniambia bomoa ukuta huu, siinui nyundo. Nagonga kwanza. Ukuta mzima una sauti yake, na mbovu una sauti yake. Nagonga juu, nagonga kati, nagonga chini, mpaka nijue ubovu unaishia wapi. Ndipo nabomoa, na nabomoa pabovu tu. Sasa yeye amekuja, ametazama, ameandika, ameondoka. Amegonga lini? Asije akanivunjia nyumba nzima kwa ajili ya kona moja."

Daktari hakungoja. Aliona uso wa fundi umekunjamana, akaona na ule mfuko wa nguo. "Amekataa?" akauliza kwa Kiingereza, mkono ukienda kwenye faili.

Hapo ndipo mkalimani mwingine angejibu ndiyo na kuokoa muda. Fundi angekwenda nyumbani kufa na faili lingeandikwa kwamba alikataa mwenyewe.

"Hajakataa," Shangazi akasema. "Shika farasi wako, daktari, nikupe yote."

Akampa yote. Nyundo, kuta, sauti, juu, kati, chini, kona. Hakufupisha, wala hakusema kwamba mgonjwa ana wasiwasi. Alitafuta Kiingereza cha ukuta usiolia vizuri, akakipata, akakisema huku anagonga ubao wa kitanda kwa kidole.

Daktari akasema neno moja kwa muuguzi aliyesimama karibu, na muuguzi akatoka mbio.

Alirudi na kifaa kidogo kama redio ya mkononi, chenye waya na kichwa cha kuwekwa juu ya ngozi. Ni cha kusikilizia damu inavyopita kwenye mishipa. Daktari alikuwa amekitumia kwa fundi siku iliyotangulia akiwa amekiweka masikioni, peke yake. Sasa akachomoa vipokea sauti vya masikioni, akafungulia sauti wodi nzima isikie.

"Mwambie nitagonga," akasema. "Nitagonga mbele yake, na yeye asikilize."

Akaanza na mguu mzima wa kulia. *Fwuu, fwuu, fwuu.* Fundi akainua kichwa kutoka kwenye mto.

Akahamia wa kushoto, nyuma ya goti. *Fwuu, fwuu.* Sauti nzuri, yenye nguvu. Akashuka kwenye muundi. Sauti ikawa nyembamba, kama mtu anayepumua nyuma ya pazia. Akafungua bandeji kidogo, akaweka kwenye kifundo.

Kimya.

"Rudia," fundi akasema.

Hapo hakuna aliyehitaji mkalimani. Daktari akarudia, kulia na kushoto, goti na kifundo. Fundi akamwomba amwachie mwenyewe. Akakishika kile kifaa kwa mkono wake wenye sugu za saruji, akakitembeza polepole kwenye kifundo kizima, mbele na nyuma, kama anatafuta kitu alichokidondosha. Alikitembeza muda mrefu. Mkewe alikuwa amesimama, hata mfuko umeanguka.

Hatimaye akakirudisha.

"Hapa wapangaji wameshahama," akasema.

Shangazi akalipeleka na ganda lake. Daktari akalirudia kwa Kiingereza, taratibu, akaweka mkono wake begani kwa fundi.

Fundi akapiga moyo konde, akasaini. Daktari alipochukua kalamu ya wino mzito na kuchora pale atakapokatia, fundi akafumba jicho moja, akainamisha kichwa kama mtu mbele ya uzi wa timazi.

"Mwambie mstari wake umepinda."

Mkewe akacheka, machozi bado yako mashavuni. Daktari alipofasiriwa akatazama vizuri, akaomba spiriti, akaufuta, akachora upya.

Siku chache baada ya upasuaji namkuta fundi ameketi kitandani, kidonda kisafi, anabishana na mkewe kuhusu magongo. Goti lake liko. Namwuliza anamwonaje Shangazi.

"Yule?" anasema. "Yule anabeba mzigo wa mtu bila kuuchungulia. Nimefanya kazi na vibarua wengi, hakuna aliyewahi kunifikishia tofali zote."

Shangazi mwenyewe hataki sifa hizo zimlewe. Kinachomkosesha raha ni kwamba yuko peke yake.

"Juzi juzi nililazwa na homa, siku mbili," anasema. "Kama fundi angeangukia siku hizo, nani angeuliza miguu ni mingapi? Haiwezekani roho za watu zikategemea afya ya mtu mmoja."

Kwa hiyo amemwomba muuguzi mkuu chumba cha mazoezi ya viungo, kila Jumamosi, kisipokuwa na watu. Amekubaliwa. Wanafunzi amewapata wawili: mwenzake wa chumba cha kufulia, na mlinzi wa getini ambaye Kiingereza chake amekiokota kwa watangazaji wa mpira redioni. Kila mmoja ataleta msemo aliousikia, waumenye pamoja. Baadaye watafundishwa lililo gumu zaidi, kuubeba wa mgonjwa bila kuumenya.

Habari hizo zimemfikia fundi, naye amejiandikisha bila kuombwa. Anataka awe mgonjwa wa kujifunzia.

"Nitalala hapo nilalamike," anamwambia Shangazi aliyekuja kumjulia hali. "Wakinifasiri vibaya, naondoka."

"Kwa magongo?" mkewe anamwuliza.

"Kwa magongo. Na mlango naubamiza."

Shangazi anavua miwani, anaipangusa kwa ncha ya khanga.

"Usiwaonee huruma, kaka," anasema. "Wape maneno mazito, uyarundike. Na wakiacha hata moja njiani, waambie warudi walifuate."