Msusi Juu ya Mito ya Makochi

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia lililochezwa huku kusini mwa Afrika ndipo nilipoanza kujiita msanii mbele za watu. Kabla ya hapo nilikuwa mchora vibao tu: vichwa vilivyonyolewa kwenye kuta za vinyozi, kuku wa kuchoma, simu na bei zake. Brashi nilijifunza kuishika kwetu Tanga, lakini kuchora ninachokitaka mwenyewe nilikuanzia huku ugenini, mtaa wa Berea, katika chumba tulichogawana Watanzania watatu kwa pazia.

Nilipenda kuchora watu wakiwa kazini. Kule Rosettenville, kusini mwa jiji, kulikuwa na msusi mmoja, dada wa Kirundi mwenye sauti nzito na mikono myepesi. Nilimchora akisuka, amebana midomo, na kwenye mkono wa kushoto lile kovu lake refu la kuungua na maji ya moto ya kuchovyea ncha za nywele. Picha ikanunuliwa na mama mmoja mwenye duka la mapambo ya nyumba huko Randburg, upande wa pili wa jiji. Alilipa papo hapo, tukashikana mikono, basi. Hatukuandikiana chochote. Hata kuipiga picha kwa simu sikukumbuka, na sahihi niliiweka nyuma, nikiona mbele itaharibu rangi.

Miezi ikapita. Siku moja msusi akanipigia simu. "Kaka, njoo uone. Mteja wangu amenunua mimi dukani."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Kufika saluni, nikakuta mto wa kochi juu ya kiti, na juu ya mto ni yeye, midomo imebanwa, kovu mahali pake. Kusema kweli nilifurahi.

"Dada, umeshakuwa maarufu."

"Uliwaruhusu?"

"Si waliinunua picha."

"Walinunua moja. Mtu akinunua gauni kwa fundi, anaondoka na cherehani pia?"

Nikamuuliza jirani yangu, Mkongo aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa, naye akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu: picha ukiiuza, umeuza ile ya kutundika ukutani. Ruhusa ya kuichapa ni kitu kingine, unaitoa kwa maandishi au hutoi.

Jumatatu, siku ambayo saluni haifunguliwi, nikaenda Randburg. Msusi akaja nami, ingawa sikumwomba. Mwenye duka hakuwepo. Kwenye kaunta alikuwapo mshirika wake, bwana mmoja aliyevaa vizuri, akatusikiliza huku akipanga vinara vya mishumaa.

"Michoro ya namna hii iko kila mahali," akasema. "Utajuaje kwamba huu ni wako?"

Nikaanza kueleza kuhusu rangi na mkono wa mchoraji. Hata mimi nilijiona sieleweki. Msusi akachukua mto mmoja, akakunja mkono wa sweta, akaulaza mkono wake kando ya ule uliochapwa. Kovu kwa kovu. Bwana yule akatazama huku, akatazama kule, akachukua simu.

Mwenye duka alifika upesi. Hakuwa mwizi, aliamini kwamba kwa kuwa amenunua picha, anaweza kuifanyia apendavyo, na mimi mwenyewe wiki mbili kabla ningemwambia ana haki. Tukakaa, tukanywa chai, tukaandika: jina langu kwenye lebo, idadi ya mito ina kikomo, kila mto nina fungu langu, na asichape kitu kingine bila kuniuliza. Nilikuwa nakunja karatasi yangu kama mshindi wa kesi, msusi akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili, tuelewane sisi wawili tu.

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Uso ni wangu. Kovu ni langu. Mimi uliniomba lini?"

Nikatafuta siku hiyo kichwani, sikuipata. Nilikaa kwenye benchi la saluni yake mchana wa siku tatu, nikachora, nikaondoka. Nikaona aibu iliyonifanya niangalie kikombe. Kisha nikaikunjua karatasi, nikamweleza mwenye duka, tukaongeza mstari: nusu ya fungu langu ni yake. Msusi akataka pia lebo iseme saluni yake iko wapi. Ikaandikwa. Baada ya hapo wanawake wawili watatu wa Randburg walifunga safari hadi Rosettenville kusukwa, naye aliwapokea kana kwamba aliwatarajia siku zote.

Tangu hapo nina karatasi mbili: moja ya mnunuzi, nyingine ya yule ninayemchora. Wapo wanaokataa. Mzee mmoja mwenye spaza, kiduka cha mtaani, alisema atatia sahihi nikimchora na nywele alizokuwa nazo ujanani. Nilimshukuru, nikachora viazi vyake.