Shahidi wa Ghala la Mbata

Mjini kwetu Bagamoyo waliniita Mnyamwezi wa Ubena. Mimi si Mnyamwezi, na Ubena si kwetu. Nilijiandikisha upagazi, kazi ya Wanyamwezi, nikajitwika mzigo wa shanga, nikaagana na mama kwa machozi, nikapigiwa vigelegele kama mtu aendaye Ujiji. Tulipofika Ubena, siku chache tu kutoka pwani, miguu ikaniambia basi. Si kwamba ilichoka. Miguu yangu haijui kuchoka, na huo ndio ubaya wake. Ilitaka tu kugeuka ikaone upande mwingine kuna nini. Nilirudi nikamkuta mama ameshamla kuku aliyeapa kuniwekea mpaka nirudi kutoka bara.

Na kabla ya hapo nilitoka chuo cha Kurani sijahitimu. Mwalimu alimwambia baba, "Kichwa anacho, makalio hana." Kisha nikaenda misheni kujifunza useremala. Nilitengeneza meza moja ya miguu mitatu, na mguu wa nne mpaka leo unaningoja.

Ilikuwa miaka ile Sayyid wa Unguja bado ana liwali wake mjini, na Wadachi tunawasikia tu kama mvua ya mbali. Nikampenda binti wa mzee mmoja wa Mlingotini, mwenye minazi mingi na maneno mengi kuliko minazi. Kila nikipita kwao nikitoa salamu, binti hunijibu akiwa bado anachambua mchele wake, halafu husema, "Wewe unapita tu kila siku. Hukai?" Maneno hayo yaliniingia. Nikatuma watu kuposa.

Mzee akaniita mwenyewe. Nikamwamkia, shikamoo baba, akaitikia marahaba kama mtu anayetema kokwa.

"Sikukatalii," akasema. "Lakini nimwoze mwanangu mtu wa nusu? Nusu msomi, nusu seremala, nusu mpagazi. Nikizijumlisha nusu zako zote sipati mume mmoja. Nenda ukamalize jambo. Lolote, hata kupalilia mchicha. Lakini nilione kwa macho yangu, toka mwanzo hadi mwisho."

Nilipalilia mchicha. Nilifika nusu ya tuta.

Ndipo padri mkubwa wa misheni aliponikuta sokoni akaniuliza kama nataka kazi ya kukaa. Nikafikiri ananitania. Akanieleza: huko Ulaya amekufa mama mmoja mwenye mali, naye ameusia mali yake iwekwe isiliwe, bali faida yake kila Kwaresima imlete Bagamoyo mtu wa elimu asomeshe habari za Mungu. Darasa saba, kila Jumapili moja, kuanzia ile ya kabla ya Kwaresima. Mlango uwe wazi kwa Mkristo na asiyekuwa Mkristo, na mwenye swali ajibiwe mpaka maswali yaishe. Tena pawe na shahidi mmoja wa mji, asiwe mtu wa misheni, akae darasa zote, kisha aape kwamba zimesomeshwa. Darasa moja ikimkosa shahidi, mali inahamia mji mwingine.

Kwa nini mimi? Nadhani watu wazima wote wa mji aliwauliza kwanza.

Wazee wetu waliposikia hawakushangaa hata kidogo. Walisema hiyo ni wakfu, kama wakfu ya kisima au ya shamba la msikiti, na sharti la mwenye kuwakifu halichezewi. Mzee wa Mlingotini akapiga paja. "Hiyo hiyo! Kaa zote saba. Mimi nitakuwepo kukutazama. Ukitoka mlangoni kabla majlisi haijavunjwa kwa dua, hata kama ni kwenda haja, basi mimi na wewe ni salamu tu."

"Baba, wewe utaingia kwenye darasa za Wakristo?"

"Kusikiliza si kubatizwa. Na mimi nina maswali."

Darasa zilifanywa katika ghala la misheni lililokuwa la mbata, zile nazi zilizokaushwa. Mbata zenyewe zilikwisha kutolewa, lakini harufu ilibaki, na wale wadudu wake wadogo walibaki pia, wakanipokea kama mgeni waliyemngoja. Nikapewa gogo la kukalia mlangoni, nusu ya mwili kivulini na nusu juani. Hata gogo lilinijua.

Msomeshaji alikuwa padri mgeni, mrefu, mwembamba, Kiswahili chake alijifunzia Unguja na kilikuwa safi kuliko changu, ila kilikuja polepole. Na jambo moja likanichoma tangu siku ya kwanza: yule mtu hakai. Anasomesha huku anatembea. Ukuta hadi ukuta, mikono mgongoni, anageuka, anarudi. Mimi niliyezaliwa kutembea nimefungwa kwenye gogo, na yeye mwenye kiti cha kuegemea hakigusi! Laiti tungebadilishana kazi, wakfu ingeenda vizuri na wadudu wa mbata wasingeniuma.

Darasa ya kwanza tulikuwa mimi, mzee, Wakristo wachache wa misheni, na mbuzi aliyepotea. Padri akasimulia jinsi Mungu alivyoumba ulimwengu, siku kwa siku, na kwamba darasa zake zitafuata siku hizo, mpaka ya saba Mungu alipopumzika.

Mzee akasimama. "Swali. Alipumzika? Kwani Mungu alichoka?"

Padri akasimama pia, mara ya kwanza. "Hakuchoka."

"Asiyechoka anapumzikia nini?"

Padri akatembea ukuta mmoja. "Hilo liko katika darasa ya saba."

"Basi nitangoja. Nimengoja minazi ikue, nitashindwa kungoja jibu?"

Kazi yangu nyingine ilikuwa kupiga mbiu mjini siku moja kabla ya darasa. Mara ya kwanza nilipiga pembe nikatangaza kuna mafunzo ya dini misheni, watu wakanijibu, "Nenda kamalize yako kwanza!" Mara ya pili nikajaribu kueleza jambo lilivyo. Nikasema: "Kuna marehemu! Mama wa nchi ya mbali! Ameacha wakfu watu wakusanyike kwa ajili yake, mlango uko wazi!"

Sasa, katika mji wetu, nani asikie pana marehemu na watu wanakusanyika, akae kwake? Jumapili ile ghala lilijaa. Wanaume walikaa mbele kwenye mikeka, kimya cha msibani. Wanawake walikaa nyuma na kaniki zao kichwani, wamekuja na mchele, udi na sufuria. Padri alipoingia akasita, akaniinamia.

"Nani amekufa?"

Sikuwahi kujibu. Bibi mmoja mfinyanzi, ambaye hakosi msiba wala harusi kati ya Bagamoyo na Kerege, alikwisha kumshika mkono. "Pole, baba. Pole sana. Ni mama yako?"

Nilidhani atatufukuza. Yule mtu akabaki na mkono wake ndani ya mikono ya yule bibi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ni dada ya mama yangu. Yeye ndiye aliyenilea. Nilikuwa safarini alipozikwa."

"Na walikupa pole?"

"Niliambiwa kwa barua."

"Barua inatoa pole?" Bibi akageuka nyuma. "Jamani, huyu hajapewa pole!"

Wakaja mmoja mmoja kumshika mkono. Darasa ya pili ilichelewa kuanza, na ilipoanza alitembea haraka kuliko kawaida, akasahau sehemu ya maneno yake. Tangu hapo watu hawakupungua. Walikuja kwa ajili ya marehemu na kwa ajili ya mfiwa. Katikati wakawa wanasikiliza, na kuuliza, na kugombana na padri na wao kwa wao, na wali ukaiva pale nje.

Mimi nilikuwa nakufa. Darasa ya tatu mguu wa kushoto ulianza kutetemeka wenyewe, nikaukalia. Darasa ya nne msafara ukatoka mjini na kupita mbele ya ghala, na ngoma, na bendera, na pembe zinalia. Nyapara aliyenijua akaniona pale mlangoni.

"Mnyamwezi wa Ubena! Unafanya nini kwenye gogo?"

"Niko kazini!"

"Kazi ya kukaa? Wewe? Inuka twende! Safari hii nitakubebea mzigo mwenyewe mpaka Ubena, ukirudi urudi mikono mitupu!"

Wapagazi wakacheka mstari mzima. Makalio yangu, ambayo mwalimu alisema sina, yaliondoka kwenye gogo. Naapa, yaliondoka. Nikamwona mzee amegeuza shingo, hasikilizi tena darasa, ananitazama kama paka anayetazama dagaa. Nikakaa. Nilishika gogo kwa mikono miwili mpaka ngoma zikapotea upande wa bara, na hata sasa sijui padri alisomesha nini siku ile. Samaki, nadhani.

Darasa ya tano na ya sita zilipita hivyo hivyo, kwa kujikuna.

Siku ya darasa ya saba padri aliingia akakaa kitini. Ghala zima likanyoosha shingo, maana hatujapata kumwona amekaa. Macho yalikuwa mekundu, meno yanagongana. Homa. Akasema, "Siku ya saba," akapumua, akasema tena, "Siku ya saba," kisha akainama mbele taratibu kama gunia linalomiminika, akaanguka.

Watu waliinuka, kila mmoja akamtazama mwenzake. Aliyekuwa karibu na mlango ni mimi, na hospitali ya misheni iko ng'ambo ya shamba la minazi. Kwa mara ya kwanza maishani mimi na miguu yangu tulikubaliana. Nikamvuta begani, nikamweka mgongoni. Alikuwa mwepesi kuliko ule mzigo wa shanga.

"Wee!" mzee akapiga kelele. "Unakwenda wapi? Na swali langu?"

"Baba, mtu anakufa!"

"Naona! Swali langu je?"

Sikumjibu. Nilivuka kizingiti nikijua ninachokiacha nyuma. Yule binti nilimwona kabisa mbele ya macho yangu, anachambua mchele, hata hainui uso. Nikapita minazini mbio, joto la mgonjwa linaniunguza shingo, na nyuma yangu nasikia ghasia. Nikageuza kichwa. Mzee alikuwa ananifuata, mkeka umekunjwa kwapani, na nyuma yake mji mzima, na wanawake na sufuria yao ya wali ambayo haijaiva.

"Hakuna anayekwenda kwake!" mzee alikuwa anawafokea. "Majlisi haijavunjwa! Dua haijasomwa, swali halijajibiwa! Wakfu ya maiti mtaitupa njiani kama mzigo wa shanga?"

Bruda wa hospitali akampokea mgonjwa, akamlaza, akamnywesha dawa chungu, akataka kufunga mlango. Mzee akaweka mguu. "Mlango wazi. Ndilo sharti." Watu wakatandika mikeka barazani. Mimi nikakaa kizingitini, magoti kifuani, sina hata gogo, na nikakaa. Kwa nini nilikaa na nimekwisha kushindwa? Sijui. Labda nilitaka kujua kama Mungu alichoka.

Jua lilipoanza kulegea, jasho likamtoka mgonjwa. Akafungua macho, akamwona mzee kwenye mlango, ndevu mbele.

"Pole," mzee akasema. "Alichoka?"

Bruda akaguna. Padri akajaribu kucheka. "Hakuchoka. Kazi iliisha, akakaa akaitazama." Akapumua kwanza. "Mama yule alikuwa akiniambia, kaa, mwanangu, tazama ulichofanya. Sikukaa. Nilikuwa nakwenda tu."

Mzee akakuna ndevu. "Mungu hahitaji kukaa," akasema. "Lakini mtu, kweli, anahitaji. Nimekubali nusu."

"Nusu inanitosha," padri akasema.

Mzee akainua mikono akasoma dua ya mgonjwa, watu wakaitikia amina. Padri alikuwa anamwombea marehemu wake kwa lugha yake, midomo tu inacheza, na bibi mfinyanzi akamngojea mpaka amalize.

"Shahidi!" mzee akaita.

"Naam."

"Zimesomeshwa zote saba?"

"Zote saba."

"Apa."

Nikaapa. Mzee akakunja mkeka, roho yake imetulia. Hapo bibi akasema, "Basi harusi lini?"

"Harusi gani? Alitoka mlangoni. Nyote mmeona."

"Alitoka akaenda wapi?" bibi akamuuliza. "Si wewe uliyetuzuia njia nzima, majlisi haijavunjwa, majlisi haijavunjwa? Ikiwa haikuvunjwa ilikuwa inatembea. Na aliyeibeba mgongoni ni nani?"

Mzee akaukunjua mkeka, akaukunja tena. Akawatazama watu, na watu wote walikuwa wanatazama wali. Mara hii maneno yake mengi kuliko minazi yalimwishia.

"Haya," akasema mwishowe, kwa uchungu. "Inuka basi, twende nyumbani ukale. Mwanangu amekuwa akiuliza kama umekaa."

Nikainuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi yote miwili, nami sikuwa na habari. Nilianguka kifudifudi mbele ya baba mkwe wangu, pua kwenye kiatu chake.

Mzee akageukia watu, mikono imefunguka. "Mnamwona? Hata kusimama hamalizi."