Msemaji ni Mmoja

Tukiwa ndani ya gari, tunatoka Muyinga kwenda Makebuko, kaka yangu aliniambia wazi: "Leo ukifungua mdomo mle ndani, mi sioi."

Hakuwa anatania. Mara ya kwanza tulipokwenda kwa wakwe kubisha hodi, mi ndiye niliyeharibu. Huku Burundi posa ina msemaji mmoja kila upande, mzee kwa mzee, wengine kimya. Wanazunguka, wanachokozana, wanakataa ili wabembelezwe. Sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi kule Tanzania, harusi zetu zilikuwa fupi. Mzee wao aliposema, "Msichana mnayemtafuta hayuko hapa," mi huyo nikadakia: "Yuko, mzee! Nimemuona jikoni sasa hivi anachagua mchele!"

Hakuna aliyecheka. Tulirudishwa pamoja na pombe yetu.

Baba mdogo akasema ndiyo malezi ya kambini, foleni ya maji haifundishi adabu. Nusura tupigane. Kaka alipanga foleni hiyohiyo, tena akiwa amenibeba mgongoni, na anakaa kimya kama jiwe! Sasa kambi imeingiaje hapo?

Kaka ndiye aliyenipeleka Gitega, pale Mushasha, kwa mama mmoja mwanasaikolojia. Niliingia nimevimba.

"Mi si kichaa."

"Sijasema. Kaa. Au simama, sawa tu."

Nikasimama. Akaniuliza habari za utotoni, za shule niliyoiacha, za kazi. Nikamwambia natengeneza simu sokoni, nimejifundisha mwenyewe, nafungua tatu kwa pamoja halafu naikimbilia ya nne, wateja wananitukana. Akalitaja hilo jambo kwa herufi nne za Kifaransa: TDAH, ndiyo ADHD ya Waingereza. "Umezaliwa nalo," akasema. "Akili yako si mbovu wala mvivu. Breki zake ndizo zinachelewa."

Tulirudi kwake mara nyingi. Kazini akanipa sheria: simu moja mezani, nyingine ndani ya boksi lililofungwa. Na hasira? Hakunifundisha kunyamaza. Alinifundisha kujua inapoanzia. Kwangu inaanzia masikioni, yanapata moto. Hapo bado kuna nafasi ndogo: kanyaga chini miguu yote miwili, toa pumzi polepole. Ikishindikana, toka nje na kazi mkononi, kazi ambayo familia inaijua tangu mwanzo. Tukafanya mazoezi, yeye akijifanya mzee wa wakwe ananitukana. Nilimjibu kila mara. "Tena," anasema. "Tena."

Bon, siku ya kurudi kwa wakwe ikafika. Tumekaa. Mzee wao, mwembamba, sauti kali, akaanza: "Nasikia mmetoka Tanzania. Mtoto wetu mtamlaza wapi, kwenye hema?"

Watu wakacheka. Mzee wetu akajibu kwamba hema tumeliacha, ila tumekuja na ng'ombe. Masikio yangu yakawaka. Nilijua ni utani, lakini kujua hakukusaidia kitu. Nikakanyaga chini.

"Na huyu kijana akimpiga binti yetu, tutamshitaki kwa nani? Baba yake yuko wapi?"

Baba yetu tulimuacha kwenye makaburi ya kambi. Kaka akainamisha kichwa, anaangalia viatu vyake. Mi maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Nikajaribu kutoa pumzi, haikutoka. Nikasimama. Chumba kizima kikanigeukia, kaka akafumba macho.

Nikabeba kreti ya chupa tupu, ile kazi tuliyopanga ya kwenda kuleta zilizojaa, nikatoka.

Nyuma ya nyumba niliutukana mgomba mmoja matusi yote ninayojua, Kiswahili na Kirundi. Shangazi wa msichana akatokeza kutoka jikoni.

"We mwanangu, unaongea na nani?"

"Na mzee wenu."

"Mwongezee na tusi langu. Huyo kaka yangu ananiudhi tangu asubuhi."

Nilikuwa bado nacheka, mara vigelegele vikalipuka ndani. Walikuwa wamekubali. Nilikuja toka Muyinga kusikia ndiyo ya kaka yangu, nikaisikia kupitia ukuta, niko na shangazi wa watu. Mpaka leo inaniuma, na siku ile ikirudi nitatoka tena.

Nikaingia mbio. Kaka akanishika shingo, akanivuta kwake, macho yamelowa. Halafu akaangalia kreti mikononi mwangu: chupa zilezile tupu.

"Rudi, bwana," akasema. "Wakwe zangu wana kiu."