Taa Ishirini na Moja

Wachimbaji walimwita Mama Taa, na jina lake halisi likabaki kwenye cheti cha ndoa tu. Miaka kumi na sita alikaa kwenye dirisha la chumba cha taa, juu ya mgodi wa makaa ya mawe, akimkabidhi kila anayeshuka taa yake ya kichwani. "Irudishe mwenyewe, usinitumie mtu," aliwaambia, nao wakacheka.

Asubuhi ile mdogo wake wa kiume, fundi wa nguzo za chini, alikuja mbio mbio akiwa wa mwisho.

"Dada, nipe yenye mwanga. Ya jana ilisinzia kuliko msimamizi wetu."

"Nenda zako, mdomo kama cherehani."

Ndivyo walivyoagana.

Saa nne na robo sakafu iliruka chini ya miguu yake. Moshi mweusi ukapanda kutoka kwenye mdomo wa shimo, na hakuna aliyehitaji kuambiwa. Gesi ilikuwa imelipuka.

Hadi alasiri waokoaji walikuwa wamepandisha maiti kumi na tisa. Wa saba alikuwa mdogo wake. Alimtambua kwa kiraka cha gotini alichokishona yeye. Alimfunika uso, akasimama kidogo, kisha akarudi dirishani, maana taa zilikuwa bado zinaletwa.

Meneja akatoka ofisini na karatasi. Wote wametoka, alisema, shimo lizibwe kabla moto haujasambaa.

"Bado wawili," alisema Mama Taa.

"Mama, orodha ni hii hapa."

"Hiyo orodha yako. Kwangu zimeshuka taa ishirini na moja, zimerudi kumi na tisa. Wale vibarua uliowaleta juzi hukuwaandika."

Meneja akamshika mkono, akashusha sauti. "Umefiwa, mama. Nenda nyumbani ukapumzike."

"Nimefiwa, sijapofuka!"

Kiongozi wa waokoaji alisikia. Alikuwa ameshavua kofia, akaivaa tena. "Walipelekwa wapi?"

"Waliniambia kwenye pampu ya maji, njia ya kushoto."

Wakashuka. Kibarua wa kwanza walimkuta ameketi, mgongo ukutani, ameshakata roho. Wa pili alikuwa kifudifudi, mdomo kwenye bomba la hewa lililopasuka, anapumua kwa tabu. Huyo alipona, ingawa mapafu hayakurudi sawa. Ngazi tano tu zinamsimamisha kama mzee.

Mwezi uliofuata Mama Taa aliachishwa kazi kwa barua ya mistari miwili. Hilo halikumshtua. Lililomuuma ni wifi yake, mjane wa marehemu, aliyemnunia tangu siku ya mazishi.

"Ulimwacha ndugu yako amelazwa kwenye turubai," alimtupia siku moja jikoni, "ukaenda kugombania watu usiowajua hata majina."

Mama Taa alikuwa akimenya viazi. Hakuinua macho.

"Yeye nilikuwa nimeshamwona," alisema. "Wale, dada zao walikuwa hawajawaona."

Wifi alivuta kigoda, akachukua kisu cha pili.