Rula na Mtihani wa Mama Mkwe

Wengi wetu misimamo yetu ni ya kuazima: tunaivaa mbele za watu, tukifika nyumbani tunaitundika msumarini. Mtahini mmoja wa madereva, aliyebatizwa Rula na wanafunzi aliowafelisha, wake ulikuwa umeshonewa mwilini. Alilala nao. Mkewe alilalamika kwamba kitanda kimekuwa chembamba.

Msimamo wenyewe ni huu: leseni haiombwi, huendeshewa. Na kabla hujagusa usukani, Rula anakushusha kwenye kivuko kilicho mbele ya shule, uvuke kwa miguu, uende na urudi. "Ujue unavyoonekana ukiwa huna bati la kukuzunguka," husema. Mkurugenzi mmoja alivuka na tai yake shingoni huku akiapa atahama mji.

Basi asubuhi moja Rula akafika kazini, akatupa jicho kwenye benchi la watahiniwa. Mama mkwe alikuwa amekaa pale, mkoba mapajani, ametulia kama mwenye benchi lake. Ukoo mzima ulijua kwamba amejiandikisha, ukamficha Rula kama mtu anavyofichwa msiba.

Akakimbilia kwa mkuu wake.

"Mkuu, yule pale ni mama mzaa mke wangu. Mpe mtahini mwingine."

"Mwingine yuko likizo. Halafu si wewe uliyetuhubiria hapa kwamba kwenye usukani hakuna shangazi wala mjomba? Haya, nenda kahubiri."

Simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe wa mkewe: *Baba anakutegemea. Sisemi zaidi.*

Hakuwa na haja ya kusema zaidi. Figo za baba mkwe zilikuwa zimegoma. Kila baada ya siku chache ilibidi apelekwe hospitali kusafishwa damu, na jirani aliyekuwa akimwendesha alikuwa amehamia mbali. Gari lilikuwepo uani. Dereva ndiye aliyekosekana.

"Shikamoo, mama," Rula alisema walipofika kivukoni. Sauti yake mwenyewe ilimtia aibu. "Tafadhali shuka, uvuke barabara."

"Marahaba. Nivuke niende wapi?"

"Ng'ambo. Kisha urudi."

"Wewe! Magoti haya unayoyatembeza ndiyo niliyoyapiga nikikuombea hii kazi."

Akavuka hivyohivyo, akisonya kila mstari mweupe. Akarudi, akashika usukani, na hapo Rula akaanza kuomba kimoyomoyo, yeye ambaye hakuwahi kumwombea mtahiniwa yeyote. Mama aendeshe vizuri tu. Mungu, mama asiguse ukingo.

Na mama aliendesha! Mlimani hakurudi nyuma hata kidogo. Gia ziliingia bila kelele. Kwenye makutano alisimama akatazama huku na huku hadi aliyekuwa nyuma akapiga honi. Moyo wa Rula, uliokuwa umekwama kooni tangu asubuhi, ukaanza kuteremka taratibu kuelekea kifuani.

Wakarudi hadi kivukoni. Mwanamke mwenye kikapu akaingia barabarani. Mama mkwe akamwona, akatabasamu, akainua mkono, akampungia, na huyo, akapita! Mwanamke aliruka nyuma, kikapu kikaanguka, vitunguu vikatawanyika njiani. Rula alikanyaga breki ya upande wake hadi shingo zikawauma wote wawili.

"Mama! Hukumwona?"

"Nimemwona, si nimempungia? Huyo ni mwenzangu wa kwaya. Tunajuana."

"Tunajuana siyo breki, mama!"

Mama akasogeza gari pembeni, akazima injini. Nje, mwenzake wa kwaya alikuwa ameinama katikati ya barabara akiokota vitunguu, na bado alikuwa anatetemeka.

"Haya, mtahini. Sema."

Hakuna mwingine aliyekuwa ndani ya gari lile. Rula aliwaza miguu ya baba mkwe iliyovimba hadi haiingii viatuni. Aliwaza meza ya chakula ya nyumbani kwake, na mgongo wa mkewe usiku. Akashika kalamu, akaandika.

"Umefeli, mama."

"Na baba yako atakwenda na nani?"

"Na mimi," Rula alisema. Mdomo ulikuwa umetangulia. Akili ilikuja baadaye inahema, ikiuliza zamu za kazini zitakuwaje.

Zamu akabadilishiwa kwa kubembeleza, yeye asiyejua kubembeleza. Mkewe akawa anamsemesha kupitia watoto: mwambieni baba yenu chai iko mezani. Na alfajiri ya safari ya kwanza, mzee alikaa mbele, blanketi magotini. Walipopita kituo cha mafuta, akamgeukia Rula.

"Niambie ukweli. Angemgonga?"

"Angemgonga, baba."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Basi ulifanya sawa. Ila usimwambie nimesema, mimi bado ninakula kwake."

Rula akacheka kidogo, mabega yakashuka.

"Amejiandikisha tena," mzee akaendelea, macho yakiwa barabarani. "Yule wa likizo amerudi, basi wamemwuliza anataka mtahini gani. Kakutaja wewe."

"Mimi? Kwa nini mimi?"

"Muulize mwenyewe. Mimi mgonjwa."