Dada Chujio

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na Mzee Mvuke, mpiga pasi wa kiwanda cha dobi, siku moja meneja alipofoka ofisini juu mpaka ngurumo ikasikika kwenye kamba za kuanikia, ingawa maneno yenyewe yalimezwa na mashine. Punde dada akashuka ngazi anatabasamu, akasema bosi anawasalimu. "Huyu ni chujio," mzee akasema. "Bosi anamwaga chai na majani yake, sisi tunakunywa safi." Watu wakacheka, na jina likaganda.

Na kweli alikuwa chujio. Kiwanda kilifua mashuka ya hoteli tatu na hospitali moja, naye ndiye aliyekuwa msimamizi. Wa juu waliongea naye, wa chini waliongea naye, lakini wa juu na wa chini wenyewe kwa wenyewe, hata salamu. Meneja akisema, "Waambie hao wavivu, atakayechelewa kesho asije tena, akalale kwao," dada alishuka zile ngazi kumi na nne, na hadi anafika chini maneno yameshageuka: "Jamani, bosi anaomba kesho tujitahidi kuwahi, mzigo wa hospitali ni mkubwa." Mzee Mvuke naye akisema, "Mwambie huyo bwana, feni isipotengenezwa aje apige pasi yeye na tai yake," alipanda akasema, "Bosi, huko chini wanakusalimu sana. Wanaulizia tu kuhusu feni, ukipata nafasi."

Nafasi gani? Feni ilikuwa imekufa mwaka wa pili huo! Mtu akiulizwa kwa upole kiasi hicho, haraka ya nini? Lakini ungemwambia dada hivyo angekujibu: funika kombe mwanaharamu apite. Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyegoma, hakuna aliyemrushia mwenzake ndoo. Kila mgeni alisema pale pana amani. Amani walikuwa nayo wao. Yeye alibaki na majani.

Maana maneno unayoyameza kwa ajili ya wenzako hayayeyuki, yanakaa. Alianza kusahau sahau. Akihesabu mashuka, akifika arobaini anajikuta hajui kama ni arobaini ya kwanza au ya pili. Nyumbani binti yake alimwambia, "Mama, sketi yangu ya shule imechanika," naye, macho ukutani, akajibu, "Sawa, nimelipokea, nitalifikisha." Binti alicheka mpaka akakaa chini. Mama naye akacheka, kisha akaingia bafuni akafungulia maji ili asisikike analia.

Daktari wa zahanati alimpima presha, akatikisa kichwa, akampima tena.

"Mama, unafanya kazi gani?"

"Naongea na watu."

"Basi nyamaza wiki tatu. Pumzika, la sivyo utaanguka, na ukianguka usije ukasema hukuambiwa."

Likizo alikuwa nayo, tena ya miaka minne mizima, haijaguswa. Ilibaki kuiomba tu. Kuomba likizo, jamani, ni kitu gani kwa mtu aliyewaombea wenzake ruhusa za misiba, za uzazi na za harusi, hata ya yule aliyeoa mara mbili kwa mwaka mmoja?

Jumatatu akajikaza kisabuni. Mbele ya kioo cha chooni aliisema sentensi yake mara tano: "Bosi, nimechoka. Nataka likizo yangu, wiki tatu." Fupi, imenyooka. Akapanda nayo mdomoni. Alipofungua mlango, ulimi ukafanya kazi uliyoizoea.

"Bosi, samahani kukusumbua. Nilikuwa naulizia tu mambo ya likizo, kama itawezekana, si lazima sasa hivi, ukipata nafasi."

"Ya nani tena?" Meneja hakutoa macho kwenye kompyuta. "Ya Mvuke? Mwambie asubiri. Ila vizuri umekuja. Tumepata hoteli ya nne. Zamu ya jioni nimeona uisimamie wewe, hao watu wanakusikiliza."

Alitaka kusema, "Ni yangu." Akasema, "Asante, bosi."

Asante! Ningekuwa karibu ningemfinya.

Akasimamia zamu mbili, ya asubuhi na ya jioni, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alhamisi, saa nne asubuhi, aliinama kuokota foronya akashindwa kuinuka. Hakuanguka. Alikaa tu juu ya lundo la mashuka, kama mtu aliyekaa kungoja gari, na miguu ikakataa. Mzee Mvuke akazima pasi, akamletea maji.

"Daktari si alikuambia upumzike? Likizo umepewa?"

"Bado. Nilimwambia Jumatatu."

"Ulimwambiaje?"

Akamsimulia. Mzee akamkodolea macho.

"Mwanangu, hiyo si kuomba, hiyo ni salamu. Wewe unatusemea sote, wewe anakusemea nani? Nipande mimi?"

"Usipande, mzee wangu, utaharibu."

"Haya, mganga hajigangi. Basi panda wewe, lakini sema kama unamsemea mtu mwingine. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi. Na leo usichuje."

Akapanda ngazi akishika ukuta. Meneja alikuwa palepale, na kompyuta yake ileile.

"Bosi, kuna mtu huko chini," akasema. "Amechoka. Miaka minne hajapumzika hata siku moja. Daktari amemwambia presha yake ni mbaya, ataanguka. Anataka wiki tatu kuanzia Jumatatu. Asipopewa, anaacha kazi."

Ndiyo hayo, yametoka yote, na majani yake. Alisikia kifua kimekuwa chepesi, akashangaa kwamba kumbe haikuwa kazi.

Meneja akabonyeza kitu, akasoma, akabonyeza tena.

"Wa kunitisha mimi simtaki. Kama amechoka, mlango uko wazi, aende zake. Nje wamejaa wanaotafuta kazi." Kisha akalegeza sauti kidogo. "Ila mwambie vizuri. Wewe unajua kuongea nao."

Ilimuuma. Ilimuuma mpaka akakosa pa kuweka mikono. Na huku inamuuma, kichwa chake, kwa mazoea ya miaka kumi na moja, kilikuwa kimeshaanza kazi: bosi anakushukuru sana kwa utumishi wako, ila kwa sasa hali ni ngumu kidogo... Akajikamata. Alikuwa anamchujia nani? Mwenye maneno alikuwa ameshayasikia, mabichi, kwa masikio yake mawili.

"Ameshaambiwa," akasema.

"Nani amemwambia?"

"Wewe, bosi. Ni mimi."

Hapo ndipo meneja alipoinua macho. Akamtazama kama mtu anayesoma barua iliyochelewa kufika, akasimama, akavuta kiti.

"Ah! Sasa si ungesema kwamba ni wewe? Kaa basi. Kaa tuongee."

"Nimesema, bosi," akajibu. Akaweka funguo za stoo juu ya meza, akageuka. Hasira hakuwa nayo. Hata hasira inataka nguvu.

Alipofika chini, mashine moja ilikuwa imesimama, na watu wakainua nyuso wakingoja kuletewa habari, kama kawaida.

"Haya, amesemaje?" Mzee Mvuke akauliza.

Akawaambia. Neno kwa neno, hakupunguza hata moja, pamoja na lile la kuambiwa vizuri. Hakuna aliyecheka. Mzee akavua aproni yake taratibu, akaanza kuelekea kwenye ngazi, na wengine wakamfuata nyuma.

Dada hakungoja kusikia watakachokisema. Kwa mara ya kwanza haikuwa kazi yake kuyabeba. Akachukua mkoba wake, akatoka nje juani, akaenda nyumbani kulala.